Mihogo Iliyobaki Majini

Wanaume wa Mboko, kijiji cha kando ya ziwa, walikuwa na tabia moja iliyowachosha wake zao: kujisifu kwamba wanajua bugali, ule ugali wa muhogo. Jioni walikula pamoja kwenye lubunga, ile baraza ya wanaume isiyo na kuta katikati ya kijiji, na kila mke alipeleka sahani yake pale akarudi zake jikoni. Sahani zikishapangwa, mmoja atakata tonge, atatafuna amefumba macho, kisha atatangaza kwamba huu ni wa mke wa fulani. Akikosea walimcheka. Akipatia alijinyoosha pale alipokaa, ungedhani ni yeye aliyelima, akang'oa, akamenya, akalowesha, akaanika, akatwanga na kusonga.

Aliyewashinda wote kwa majivuno hayo ni Fabien. Fabien alikuwa kantonye, maana yake Serikali ilimkabidhi kipande cha barabara ya kwenda mji wa Baraka akitunze: afukie mashimo, azibue mifereji, afyeke majani ya pembeni, na lori likipita asimame pembeni ale vumbi. Kazi hiyo aliifanya vizuri na bila maneno. Maneno yake yote aliyaweka akiba ya jioni.

"Miye, munifunge kitambaa kwa macho," alikuwa akisema. "Munipe na homa juu. Bugali bwa Adolphine nitabujua tu. Bwa mutu mwingine habuniingie."

Na kama hiyo haitoshi, aliongeza habari za bugali wa Anastasie, jirani yake, mjane mwenye ulimi mkali na shamba kubwa. "Ule wa Anastasie, hata shimo la barabara linaukataa," alisema, na wanaume wakacheka mpaka wakashika mbavu. Anastasie alizipata habari hizo kabla moto wa lubunga haujazimwa. Aliendelea kupeleka sahani yake kila jioni, maana kaka za marehemu mumewe walikula pale.

Mwaka 1956, wakati watu wanachuma pamba, Adolphine akafa.

Kilianza kichwa, ikaja homa, yakaja maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Wanaume wakafunga machela wamkimbize hospitali ya Baraka, na machela haijakaza vizuri, yeye alikuwa amekwisha. Watu wakamwangalia Fabien, wakingoja aanguke. Fabien aliinama, akafungua kamba za machela moja moja, akazikunja, akazitundika ukutani. Kisha akauliza kama kuna mtu ameshatumwa kwa binti yake Émilienne, aliyeolewa Baraka. Ameshatumwa, wakamwambia. Akasema vizuri.

Kilio kikawekwa. Mikeka ikatandikwa uani, bamama wakalia, watu wa kanisa wakaimba, na Fabien akakaa pale alipoonyeshwa. Chakula kililetwa, hakuuliza kimepikwa na nani. Siku moja katika siku zile za kilio alikata tonge, akatafuna, akatema mbele ya wageni.

"Buko na muchanga," akasema, akaisukuma sahani.

Wenye adabu wakatazama pembeni. Mfiwa husamehewa mengi. Kaka yake mkubwa, Anatole, ambaye hakuwahi kuisukuma sahani yoyote tangu azaliwe, aliivuta kwake akaimaliza, na jambo likaishia hapo.

Kilio kilipokwisha watu wakarudi makwao. Ilibaki siku moja tu, ya kumaliza matanga, iliyopangwa mwezi unaofuata. Siku hiyo ndugu wa Adolphine wangeteremka kutoka kwao Lubondja, wamnyoe Fabien, wagawane vitu vya marehemu: kinu, vyungu, jembe, vitenge. Mafiga yake matatu yangeng'olewa na kutupwa. Ndivyo inavyofanyika, ili nyumba iwe safi na mtu aanze upya. Fabien hakuwa na neno juu ya hayo. Alirudi barabarani na koleo lake, na waliompita walisema mwanamume yule ana moyo mgumu, au hana kabisa.

Ukweli ni kwamba hakusikia kitu. Asubuhi aliamka, akafanya kazi, akala alichopewa, akalala. Alingoja uchungu uje kama mtu anavyomngoja mgeni aliyesema anakuja, na mgeni haji. Jambo hilo lilianza kumtia hofu. Alijiuliza kama kweli alimpenda mke wake, au alipenda sahani tu.

Basi siku moja alikuwa anazibua mfereji karibu na daraja, pale maji ya kijito cha bamama yanapopita chini ya barabara kwenda ziwani. Maji yalileta harufu ya mihogo iliyoloweshwa. Harufu hiyo iko pale kila siku ya Mungu, na Fabien alikuwa amefanya kazi ndani yake miaka na miaka bila kuijali. Siku hiyo koleo lilimtoka mkononi.

Alikumbuka asubuhi ile. Yeye alikuwa ananoa panga mlangoni. Adolphine alitoka kijitoni, kitenge kimelowa mpaka magotini, akasimama kidogo akishika nguzo.

"Nimelowesha mihogo," alimwambia. "Ya shamba la juu. Ile mizuri."

Na yeye alijibu, "Mm." Hakuinua hata uso.

Jioni yake homa ilipanda.

Kwa hiyo mihogo bado iko majini! Fabien alikaa chini kwenye ukingo wa mfereji, kazini, mchana kweupe. Iko kule, imemenywa kwa mikono yake, imefunikwa na majani ya mgomba, na hakuna aliyekumbuka kuitoa. Akajua anachotaka, na tangu Adolphine afe hakuwa ametaka kitu. Alitaka kula bugali wake mara moja tena, safari hii akijua kwamba anaula. Aule kabla watu wa Lubondja hawajafika kutupa mafiga.

Angeweza kumwambia mwanamke yeyote amtolee. Hakutaka. Aliona haya, na tena aliogopa kuambiwa imeoza. Akangoja jua liwe kali, bamama wote wakiwa mashambani, akachukua gunia lake la kazini, akaingia njia ya kijitoni.

Sasa, mwanamume haendi kule. Bamama huoga kule, na husema kule mambo yao. Mwanamume akilazimika kupita karibu hukohoa kwa nguvu ili wenyewe wajifunike. Fabien alikohoa tangu barabarani. Alikohoa njia nzima, akakohoa mbele ya kijito ambacho hakikuwa na mtu, akakohoa huku anainama. Kama kungekuwa na mtu angemwitia mganga.

Mashimo ya kuloweshea yalikuwa mengi, kila mama na lake, yamefunikwa kwa majani na kugandamizwa kwa mawe. Adolphine alikuwa akisema shimo lake liko "pale kwenye jiwe." Loo, kijito kizima ni mawe! Fabien alichagua jiwe kubwa kuliko yote, kwa kuwa mke wake hakupenda vitu vidogo. Akafunua majani. Mihogo ilikuwa imepangwa vizuri, imemenywa vizuri, na alipoibonyeza ilibonyea kiasi huku imeshikana bado. Hapo mwanamke yeyote angejiuliza jambo. Fabien hakujiuliza. Alijaza gunia, akaondoka bila hata kukohoa.

Nyumbani alimkuta Marthe, mdogo wake Adolphine. Huyu hakuwahi kufika kwenye kilio kwa sababu alikuwa na mtoto mgonjwa kule Lubondja. Sasa alikuwa ametangulia kutayarisha siku ya matanga. Fabien akamwaga mihogo mbele yake.

"Ni ya yaya yako, mukubwa wako," akasema. "Ilibaki majini."

Marthe aliuvunja mmoja, akaunusa, akamtazama shemeji yake. "Shemeji, hii iko majini tangu lini?"

"Tangu yeye mwenyewe."

Marthe aliuona uso wa yule mwanamume, akachukua ungo wake, akapanda kuanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa zuri. Ilipokauka akaitwanga, akachekecha, na jioni moja akasonga bugali kwenye mafiga ya dada yake, pamoja na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mawese.

Fabien aliibeba sahani mwenyewe mpaka lubunga. Hiyo peke yake iliwanyamazisha watu.

"Leo musiseme kitu," aliwaambia. "Huu bugali ni wa bunga bwa Adolphine. Bwa mwisho. Kila mutu akate tonge moja, zinazobakia ni zangu."

Akafumba macho, akatafuna. Ulikuwa laini, wenye uchachu kidogo, na Adolphine akamjia mzima mzima: namna alivyopuliza moto, namna alivyofungua mlango kwa goti akiwa na sahani mikononi, kukoroma kwake. Yule mgeni aliyemngoja akaja. Fabien akalia mbele ya wanaume wote, kamasi na machozi, na hakujifuta.

"Njo yeye, ni yeye," alisema. "Njo yeye kabisa!"

"Yeye kabisa," akasema Anatole, naye machozi yakimtoka. "Nani mwingine angesonga namna hii?" Na mabingwa wote wa bugali wa Mboko, mmoja baada ya mwingine, wakakata tonge, wakafumba macho, wakakubali kwamba mkono ule ni wa marehemu, hauna mwenzake.

Fabien alilala usingizi mzuri. Uchungu ulikuwa umefika na alikuwa na hakika kwamba alimpenda.

Asubuhi Anastasie alisimama uani kwa Fabien, mikono kiunoni.

"Baba Émilienne! Toka! Nani ameiba mihogo yangu?"

"Mihogo gani?"

"Mihogo gani! Shimo langu liko tupu, majani yametupwa huku na kule, na kwa matope kuna alama ya viatu. Nani mwingine hapa anavaa viatu vya Serikali?"

Marthe alikuwa anafagia. Aliacha kufagia.

"Mama Anastasie, usinitukane," Fabien akasema. "Nilichukua mihogo ya bibi yangu. Kwa shimo lake, pale kwenye jiwe."

Anastasie akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyengoja miaka, mjane aliyetukanwa kila jioni kwenye lubunga, na sasa Mungu amemletea adui yake mkononi. "Ayii, mama yangu! Ulikula bunga bwangu? Na ulilia? Walinieleza namna ulilia! Juu ya bunga bwa Anastasie, hata shimo la barabara linakataa!" Alijipiga mapaja. Kisha akamwona Fabien usoni, na kicheko kikamwishia njiani.

Fabien alikuwa amekaa chini mlangoni.

"Yake iko wapi?" aliuliza. "Bado iko majini?"

"Mihogo ikae majini siku zote hizo? Inakuwa uji, baba. We uliona uji kule?" Sauti ya Anastasie ilikuwa imeshuka. Alivuta kigoda akakaa, bila kukaribishwa. "Yake niliitoa mimi. Kilio kilikuwa na watu wengi, bunga bulikuwa bumeisha. Niliitoa, tukaanika, tukatwanga. Watu wote walikula. Na weye ulikula."

"Hapana."

"Ulikula. Siku ile ulitema."

Barabarani lori lilipita na pamba, na kwa mara ya kwanza Fabien hakuinua kichwa kuangalia magurudumu yanaifanyia nini barabara yake. Alikuwa anausikia ule mchanga. Alikuwa anausikia kwenye jino la nyuma, upande wa kushoto, kama vile ameung'ata sasa hivi.

"Kulikuwa na muchanga," akasema taratibu.

"Eeh, kulikuwa."

"Adolphine hakuwa na muchanga hata siku moja."

"Hata siku moja," Anastasie akakubali, na kukubali huko kulimgharimu. "Lakini siku ile alikuwa mugonjwa tayari. Nilikuwa naye kijitoni. Mikono ilikuwa inatetemeka, mihogo inamuanguka kwa matope, anaokota, anatumbukiza hivyo hivyo. Nilimwambia, mama, rudi ulale, nitakupa bunga bwangu mpaka upone. Alikataa."

"Juu ya nini?"

Anastasie alitazama ziwa. Angeweza kunyamaza, na Fabien angeishi vizuri zaidi. Lakini hakuwa mwanamke wa kunyamaza, na labda kwa siku hiyo moja alifanya vema.

"Alisema, bwana yangu hawezi kula bunga bwa mutu mwingine. Atajua."

Marthe alishika ufagio wake kwa mikono miwili. Fabien hakulia. Alikuwa ameyamaliza machozi jana, na aliyamwaga mahali pasipo pake, na sasa palipo pake macho yalikuwa makavu. Ilimuuma. Ilimuuma kuliko kifo chenyewe, maana kifo hakukileta yeye. Alikaa pale mpaka jua likafika miguuni kwake. Wale wanawake wawili hawakumwambia pole, na hawakuondoka.

Hatimaye aliinuka, akachukua jembe la Adolphine lililokuwa linangoja kugawiwa.

"Unaenda wapi?" Marthe akauliza.

"Shamba la juu. Huyu mama ana mihogo yake kwangu."

Aling'oa mpaka gunia likakataa kufungwa. Akateremka nalo kijitoni, saa ambayo bamama wote wako pale, na safari hii hakukohoa. Wakapiga kelele, wakajifunika, wakatukana. "Fabien amekuwa mwanamke!" "Aje tumfunge kitenge!" Anastasie akawaambia wafunge midomo yao, akaonyesha kwa kidole shimo dogo kule juu, kwenye jiwe ambalo mtu angepita bila kuliona. Majani yake yalikuwa yamekauka, hakuna aliyeligusa tangu kilio.

Fabien akapiga magoti majini akaanza kumenya. Alimenya vibaya. Alitoa ganda pamoja na nusu ya muhogo.

"Unachonga mutumbwi?" Anastasie akamuuliza. "Kata juu, pasua, vuta. Vuta! Sasa osha. Hiyo si kuosha, hiyo ni kuisalimia."

Bamama wakacheka, na baada ya kucheka wakarudi kwenye kazi zao na maneno yao, wakimsahau mara moja moja. Aliwasikia wakizungumza juu ya homa za watoto, bei za vitenge, mume wa fulani. Adolphine alikuwa amekaa hapa, juu ya jiwe hili, asubuhi zote za ndoa yao, na yeye hakuwahi kuuliza kuna nini kule. Alijaza kwanza shimo la Anastasie. Iliyobaki akaipanga kwenye shimo la mkewe, akafunika kwa majani mabichi, akaweka mawe. Kila alipopita darajani siku zilizofuata alisimama akanusa.

Watu wa Lubondja walifika kama walivyoahidi. Walimnyoa Fabien, wakasali, wakagawana vyungu na vitenge. Marthe alichukua kinu. Mafiga yaling'olewa, na Fabien aliyabeba mwenyewe mpaka nje ya kijiji. Jioni wanaume wakakaa kwenye lubunga, wageni na wenyeji, kichwa cha Fabien kinang'aa, na sahani zikaletwa kwa wingi.

Anatole alikata tonge kwenye sahani iliyo karibu, akafumba macho kama kawaida yake. Alitafuna mara mbili, akayafumbua.

"Nani amelowesha hii?" aliuliza kwa hasira. "Kuna muchanga!"

Wengine wakaonja. Kweli, mchanga upo. Wakaanza kutaja: mke wa huyu, mke wa yule, huenda Anastasie.

"Ni yangu," akasema Fabien.

Wakamtazama wajue kama anatania.

"Nilimenya mwenyewe, nikaosha mwenyewe. Muchanga uko, yaya. Sikuweza kuumaliza."

Anatole akaisukuma sahani pole pole, kwa adabu, kuelekea katikati. Fabien akainyooshea mkono, akaivuta mbele yake. Akakata tonge, akatafuna macho wazi, na mchanga ukasikika kwenye meno yake mpaka kwa waliokaa mbali. Alikula hivyo, bila haraka, mpaka sahani ikawa nyeupe.